Je, kipindi cha televisheni kinaweza kuwafanya watoto wa mataifa hasimu waelewane?

Mwalimu wa chekechea mkoani Kigoma anauliza: "Darasani kwangu nina watoto wa wenyeji, na wengine ambao wazazi wao walikimbia vita Kongo na Burundi. Wana miaka minne na mitano tu, lakini tayari wanaitana majina ya kudharauliana ambayo nilidhani ni ya watu wazima. Nimesikia kwamba Waisraeli na Wapalestina waliwahi kuandaliwa kipindi cha pamoja cha televisheni ya watoto ili wajifunze kuelewana. Je, kilifaulu? Na mimi nikiwaonyesha wanafunzi wangu vipindi vya aina hiyo, vitasaidia?"

Pole na kazi, Mwalimu, na nashukuru kwa kunifikishia swali hili. Kipindi kile kilifaulu kwa sehemu, na pale kiliposhindwa panafundisha zaidi kuliko pale kilipofaulu. Aidha, wewe unayekaa na watoto hao kila asubuhi una uwezo ambao watayarishaji wale hawakuwahi kuwa nao. Naomba univumilie nieleze kwa urefu, kwa sababu jambo hili likielezwa kwa mkato hugeuka kuwa sifa tupu au lawama tupu.

Kipindi hicho kilianza kurushwa Aprili 1998, na kilikuwa na majina mawili: Rechov Sumsum kwa Kiebrania na Shara'a Simsim kwa Kiarabu. Yote mawili yana maana ya Mtaa wa Ufuta, na msomaji wa pwani ambaye huuita ufuta simsim ataona mara moja jinsi lugha hizo zilivyo jirani. Chimbuko lake ni Sesame Street, kipindi kilichoanza Marekani mwaka 1969, kisha kikatengenezewa matoleo katika nchi nyingi, mojawapo likiwa Kilimani Sesame la hapa Tanzania, ambalo pamoja na mambo mengine liliwafundisha watoto kujikinga na malaria. Wazo la toleo la Waisraeli na Wapalestina lilizaliwa baada ya Mkataba wa Oslo wa mwaka 1993, yaani mapatano ya amani kati ya Israel na uongozi wa Wapalestina, wakati watu wengi waliamini kwamba amani iko mlangoni. Upande wa Israel ulisimamiwa na televisheni ya elimu ya nchi hiyo, na upande wa Palestina ulisimamiwa na taasisi ya habari ya Chuo Kikuu cha Al-Quds, chini ya mwandishi wa habari Daoud Kuttab. Kati ya mkataba ule na siku kipindi kilipoonekana kwa mara ya kwanza, Waziri Mkuu wa Israel, Yitzhak Rabin, aliuawa, Novemba 1995, na mwaka uliofuata mabomu yakalipuliwa ndani ya mabasi ya abiria na barabara za kuingia na kutoka maeneo ya Wapalestina zikafungwa. Kwamba watu wa pande hizo mbili waliendelea kukaa meza moja wakijadili vikaragosi, hilo peke yake nalistahi sana.

Lakini katika meza hiyo ndipo lilipozuka jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha jibu lako. Wazo la kwanza, lililotoka kwa wenye Sesame Street huko New York, lilikuwa la mtaa mmoja ambamo vikaragosi wa Kiisraeli na wa Kipalestina wangeishi pamoja kama majirani. Wapalestina walilikataa. Walisema mtaa wa namna hiyo haupo, mtoto wa Ramallah au wa Gaza hajapata kuuona, na kumwonyesha kana kwamba upo ni kumdanganya. Likaja wazo la pili, la bustani ya michezo iliyo katikati, ambayo watoto wa pande zote wangekutana humo. Hapo likafuata swali ambalo mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye baraza la ardhi la kijiji angelitarajia: bustani hiyo ni ya nani? Halikupatiwa jibu, na bustani ikaachwa. Mwishowe yakakubaliwa mambo mawili. Kwanza, kutakuwa na mitaa miwili, kila upande na wake. Pili, kikaragosi wa upande mmoja hatatokea tu katika mtaa wa mwenzake. Ataalikwa, na atakuwa na sababu ya kwenda.

Sisi tuliolelewa kwa hodi na karibu tunaelewa uzito wa sharti hilo bila kufafanuliwa. Mgeni anayebisha hodi anakiri kwamba nyumba ina mwenyewe. Kwa mtoto wa Kipalestina, ambaye Mwisraeli aliyemfahamu zaidi ni askari wa kizuizi cha barabarani, au askari anayeingia ndani bila kuitwa, picha ya Mwisraeli anayesubiri kukaribishwa ilikuwa funzo kubwa kuliko wimbo wowote wa urafiki. Kwa mtoto wa Kiisraeli, kumwona Mpalestina akiwa mwenyeji, mwenye mtaa wake, duka lake na ukarimu wake, ilikuwa vilevile habari mpya. Basi Kippi, mnyama mkubwa wa miiba wa upande wa Israel, na Kareem, jogoo wa upande wa Palestina, walikutana kwa utaratibu huo. Katika sehemu hizo za kukutana kila mmoja alizungumza lugha yake, na waandishi waliegemea maneno ambayo Kiebrania na Kiarabu huyachangia, kama vile shalom na salaam, ili mtoto agundue kwa sikio lake mwenyewe kwamba anamwelewa mgeni kidogo. Hawakumwambia mtoto, "Mpende jirani yako." Walimwachia asikie.

Je, watoto walibadilika? Hapa tuna bahati, kwa sababu watafiti waliwahoji watoto 275 kabla ya kipindi kuanza na tena miezi minne baadaye. Walikuwa wa makundi matatu: watoto wa Kiyahudi wa Israel, watoto wa Kiarabu ambao ni raia wa Israel, na watoto wa Kipalestina. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Jambo la kwanza walilokuta litakugusa, Mwalimu, kwa kuwa ndilo unaloliona darasani kwako: hata watoto wa umri wa miaka minne walikuwa tayari na picha mbaya juu ya watu wa upande wa pili, kabla ya kuweza kusoma neno moja. Jambo la pili linatia moyo. Baada ya miezi hiyo minne, kutazama kipindi kuliambatana na watoto kutumia maneno mazuri zaidi kuwaelezea watu wa upande wa pili, na walipopewa visa vya ugomvi wa kitoto walizidi kutoa sababu za kusaidiana na kupatana. Watoto wa Kipalestina, kwa upande wao, walizidi kuzitambua alama za utamaduni wao wenyewe. Lakini jambo la tatu lazima lisemwe waziwazi: mafanikio hayo hayakuwa sawa kwa makundi yote. Yalikuwa dhahiri zaidi kwa watoto waliokuwa wakiishi ndani ya Israel kuliko kwa watoto wa Kipalestina.

Wapo wanaolisoma tokeo hilo la tatu na kusema kwamba watoto wa Kipalestina walikuwa wagumu wa kufundishika. Nalikataa kabisa tafsiri hiyo. Mtoto hutazama kioo cha televisheni na dirisha la nyumba yao kwa macho yale yale. Kioo kikimwambia kwamba yule mwingine ni mtu mwema anayekuja kutembea, na dirisha likimwonyesha gari la kivita, ataamini dirisha, na ana haki ya kuliamini. Mtoto wa Tel Aviv alipoizima televisheni, hapakuwa na kitu nje kilichopinga alichokiona. Hakumwona Mpalestina wa aina yoyote. Mtoto wa Hebron, mji wa Wapalestina, alipoizima, nje palikuwa na ushahidi wa kinyume. Kipindi ni kile kile, lakini kazi waliyopewa watoto hawa wawili haikuwa sawa.

Yaliyofuata yalithibitisha hivyo. Septemba 2000 ilianza intifada ya pili, yaani uasi wa Wapalestina dhidi ya Israel, na ule utaratibu wa kutembeleana haukuweza tena kuaminika hata kama hadithi. Mwaka 2002, majeshi ya Israel yalipoingia Ramallah, vifaa vya kituo cha televisheni ya elimu cha Al-Quds viliharibiwa. Watayarishaji hawakuacha kazi, bali waliibadilisha. Mwaka 2003 walitoka na mfululizo mpya, safari hii Jordan ikiwa mshiriki wa tatu, na ndani yake hapakuwa na mtaa wala kutembeleana. Palikuwa na hadithi tu, kila upande ukitengeneza za kwake kuhusu heshima na tofauti kati ya watu. Wengi waliona huko ni kurudi nyuma. Mimi naona ulikuwa uaminifu. Baadaye toleo la Palestina lilijikita katika kumjenga mtoto wa Kipalestina mwenyewe, hasa wavulana, wajione kuwa watu wenye thamani na wenye njia nyingine za kueleza hasira zao; na toleo la Israel likamleta mwaka 2006 kikaragosi wa Kiarabu aitwaye Mahboub, anayezungumza Kiarabu na Kiebrania, akiwa mkazi wa mtaa na si mgeni. Toleo la Palestina lilisimama mwaka 2012, kwa sababu isiyohusiana kabisa na watoto: Bunge la Marekani lilikuwa limezuia fedha za msaada baada ya Wapalestina kuomba uanachama wa Umoja wa Mataifa.

Kwingineko nitapita haraka. Masedonia, kuanzia mwaka 1999, palikuwa na mchezo wa televisheni uitwao Nashe Maalo, uliowahusu watoto wa Kimasedonia, Kialbania, Kituruki na Kiroma wanaoishi katika jengo moja la ghorofa. Jengo lenyewe lilikuwa na uhai, likiitwa Karmen, nao walitunza siri yake kwa pamoja. Kila mtoto alizungumza lugha ya kwao. Watafiti walikuta kwamba watoto waliotazama walizidi kuwa tayari kumwalika nyumbani mwenzao wa kabila jingine, na hapo unaona tena kwamba kipimo cha kweli ni kumkaribisha mtu nyumbani. Kosovo, mwaka 2004, watayarishaji walikwama kwenye herufi. Waserbia huandika kwa herufi za Kikirili na Waalbania kwa herufi za Kilatini kama zetu, na ilijulikana kwamba mzazi wa upande mmoja akiona herufi za upande wa pili kwenye kioo, angemwondoa mtoto. Kipindi ambacho kazi yake kubwa duniani kote ni kufundisha alfabeti kikabidi kionyeshe picha za vitu, na watoto wakavitaja kwa lugha mbalimbali, bila herufi hata moja.

Mfano wa karibu na kwenu zaidi si wa televisheni bali wa redio, na wasikilizaji wake walikuwa watu wazima, lakini siwezi kuuacha. Nchini Rwanda, mwaka 2004 ulianza kurushwa mchezo wa redio uitwao Musekeweya, yaani Mapambazuko Mapya, unaosimulia vijiji viwili vinavyogombana. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuatilia vikundi vya wasikilizaji kwa mwaka mmoja, vingine vikisikiliza mchezo huo na vingine vikisikiliza mchezo wa afya, na akachapisha matokeo mwaka 2009. Alichokikuta ni kwamba imani za ndani za wasikilizaji hazikubadilika sana; kilichobadilika ni kile walichoona kuwa ni jambo la kawaida katika jamii yao, na namna walivyotenda. Mwisho wa mwaka kila kikundi kilipewa redio na kanda za mchezo, nao wakaachiwa waamue vitatunzwa vipi. Waliosikiliza mchezo wa afya walielekea kumkabidhi kiongozi wa mtaa vitu hivyo, na mambo yakaishia hapo. Waliosikiliza Musekeweya walijadiliana, wakapingana waziwazi, na wakaelekea kukubaliana kuvitunza na kuvitumia kwa pamoja. Katika nchi ambayo watu wengi walifuata amri na kuua, kusikia mwananchi wa kawaida akisema mbele ya wenzake, "Hapana, mimi naona tofauti," si jambo dogo.

Nimekuelezea hilo kwa sababu linanyoosha matarajio yetu. Usitarajie kipindi kibadili moyo wa mtoto kwa wiki mbili. Tarajia kibadili kile anachoona kuwa kinaruhusiwa: kwamba inaruhusiwa mtoto wa Kirundi kukaa mkeka mmoja na mtoto wa Kiha, kwamba inaruhusiwa kucheka pamoja, kwamba mtu mkubwa hatakasirika. Watoto wa umri huo huchungulia uso wa mkubwa kabla ya kuamua jambo.

Umesema umeshangaa kwamba wanaanza mapema hivyo. Kule Ireland ya Kaskazini, utafiti uliotolewa mwaka 2002 uliwahoji watoto 352 wa miaka mitatu hadi sita, wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti. Wenye miaka mitatu walikuwa tayari wameanza kuonyesha kupendelea bendera na alama za upande wao bila kujua maana yake. Walipofika miaka sita, theluthi moja walijitambulisha na upande mmojawapo, na asilimia 15 walitoa maneno ya chuki. Kwa hiyo wanafunzi wako si watoto waliopotoka. Wako katika umri ule ule ambao maneno ya watu wazima huwaingia kabla ya maana yake. Na ndiyo maana usingoje wafike darasa la tatu.

Sasa nikirudi kwako. Usianze na kipindi cha urafiki. Anza na kitakachomfanya kila mtoto ajione. Mtoto wa Kikongo ambaye hajawahi kusikia lugha ya nyumbani kwao ikitajwa kwa heshima darasani hana sababu ya kufurahia lugha ya mwenzake, kama vile Wapalestina walivyotaka mtoto wao ajue kwanza kwamba ana mtaa. Wiki ya kwanza waombe wazazi wakufundishe namna ya kuhesabu hadi kumi katika lugha zao, kisha wewe mwenyewe, mwalimu, uhesabu mbele ya darasa, ukikosea na kusahihishwa na mtoto. Nimewahi kumwona mwalimu akifanya hivyo kwa Kiha na Kirundi. Watoto wa pande zote mbili waliduwaa kwa jinsi hesabu zilivyokaribiana, na kijana mmoja mdogo, ambaye siku nzima alikuwa amekaa peke yake karibu na mlango, alisimama na kumalizia saba, nane, tisa, kumi kwa sauti kubwa kana kwamba anaitwa kupokea zawadi. Ni ugunduzi ule ule wa shalom na salaam, na haukuhitaji umeme.

Ukipata kioo, chagua vipindi ambavyo mtoto aliyehama hajabandikwa jina la mkimbizi. Mfano mzuri ni Ahlan Simsim, kilichoanza mwaka 2020 kwa ajili ya watoto wa Mashariki ya Kati walioathiriwa na vita vya Syria. Ndani yake kikaragosi Jad ni mgeni aliyehamia mtaani, na Basma anampokea kama rafiki. Hakuna hotuba juu ya vita. Sehemu kubwa ya kipindi inahusu kuzitaja hisia: hofu, wivu, hasira, upweke, na la kufanya kila moja inapokuja. Kipindi ni cha Kiarabu, lakini wazo lake unaweza kulifuata hata kwa vikaragosi vya soksi. Naliona wazo hilo kuwa hatua mbele ya lile la mwaka 1998, kwa sababu mtoto asiyeweza kusema "naogopa" atasema jina la kabila la mwenzake badala yake.

Wakati wa kutazama, kaa nao. Usiwashe na kwenda kusahihisha madaftari. Simamisha kipindi mara moja au mbili na uulize jambo dogo: "Unadhani anajisikiaje sasa?" au "Wewe ungemkaribisha?" Usiulize, "Mmejifunza nini?", kwa sababu watoto hujua jibu ambalo mwalimu analitaka na watakupa. Kisha, siku hiyo hiyo, wape kazi ya mikono inayohitaji watu wawili, ukiwapanga wewe: kujaza maji kwenye ndoo, kubeba mkeka, kupanga mawe ya kuhesabia. Tangu mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza kwamba watu wa makundi yanayohasimiana hupunguza chuki wanapokutana wakiwa sawa, wakiwa na lengo moja, wakishirikiana, na mwenye mamlaka akiwa ameunga mkono. Katika darasa lako mwenye mamlaka ni wewe, na watayarishaji wa televisheni hawawezi kukuazima nafasi hiyo.

Na neno la dharau likitoka, kama litakavyotoka, usilipitie kimya na usimpige mtoto. Mwambie kwa upole kwamba neno hilo humuumiza mwenzake, muulize alilisikia wapi, na jioni mzazi akija kumchukua zungumza naye pembeni, bila kumwaibisha. Wazazi wengi wataona haya kwa dhati, kwani hawakujua kwamba mtoto alikuwa anasikiliza. Wachache watakukasirikia. Hao waalike darasani siku ya kuhesabu kwa lugha zote, wakae nyuma kwenye mkeka, wamsikie mtoto wao akihesabu kwa lugha ya jirani, na mtoto wa jirani akihesabu kwa lugha yao.